Uwanja Wetu wa Msiba

Jumatatu, 5 Agosti

Nimeamka na viazi. Vimechemka, nimevikata, nimevianika uwanjani kwenye mkeka. Matobolwa ya mwaka. Mgongo unauma, lakini hilo si habari.

Saa nne wamekuja vijana wa manispaa na kamba ya kupimia. Injinia wao mwembamba, kofia ya njano, shikamoo yake imenyooka. Amenieleza bila haraka. Soko linajengwa upya, magari hayana pa kusimama, uwanja wetu utakuwa paking. Yeye anaita maegesho.

Kweli magari yanaziba njia. Juzi gari la wagonjwa limelia hapa Mtendeni mpaka likachoka. Siwezi kulikana hilo.

Ila amesema uwanja hautumiki. Nimemwonyesha viazi. Akacheka, akasema viazi vinaweza kuhamia juu ya paa. Viazi kweli vinahama.

Wafu je?

Nyumba zetu ni vyumba viwili na ua mdogo. Mtu akifa, turubai husimama uwanjani. Mume wangu alililiwa pale. Mwanangu Doto pia. Mtaa mzima umeacha machozi pale, Waislamu na Wakristo.

Jumatano, 7 Agosti

Injinia anaitwa Yona. Mgogo wa Dodoma. Mtani wangu kabisa, na nimechelewa siku mbili kumtukana.

Nimemwambia, babu zetu Wanyamwezi walipita kwenu na mizigo kichwani wakienda pwani, mkawatoza kwa kupita na kwa kunywa maji. Leo umetufuata hadi Tabora ututoze kwa kusimama.

Hakukawia. Akasema babu zangu walikunywa maji yao, wakalipa kwa maneno, wakaondoka na vibuyu. Ametumwa avidai.

Nimecheka mpaka nimekaa chini. Nimempenda. Inaudhi. Afadhali angekuwa mtu mbaya.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu. Uwanja kimya. Nimeshinda kwa Zuwena, nyumba ya pili kutoka kwangu. Miguu imemvimba. Hospitali wamemrudisha nyumbani, na sote tunajua maana yake. Binti yake Asha anajifanya hajui.

Mimi shule sikuingia hata siku moja. Zuwena ndiye aliyenifundisha herufi, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jiko lake, mimi nikiwa tayari mama wa watoto wanne. Alinipiga mwiko nilipogeuza S. Haya ninayoandika ni mkono wake.

Nimemwambia habari ya paking. Nilidhani atatukana. Akasema, "Wanaume watanifikisha kaburini. Nyie wanawake mtaniagia wapi, Kabula?"

Kwao Waislamu wanawake hawaendi kuzika. Jeneza likitoka uwanjani ndiyo basi. Pale ndipo mwisho wao wa kumwona mtu.

Nimemwahidi uwanja. Nani kaniambia niahidi kitu kisicho changu?

Jumanne, 13 Agosti

Mkutano ofisi ya kata. Nilikwenda na maneno mazuri. Nimeyapanga usiku kucha.

Akasimama mwenye duka la vipuri, akasema misiba ifanyike barabarani kama miji mingine, au watu wakodi ukumbi. Wateja wake wanahitaji pa kuweka magari. Nikamwambia gari lake analisugua kila siku na mama yake hajamnunulia hata sabuni. Watu wakacheka. Wakaendelea kucheka. Mkutano ukafungwa na mimi bado sijasema neno moja la Zuwena.

Hasira imekula maneno yangu yote. Mjinga mimi.

Alhamisi, 15 Agosti

Wamezungusha mabati uwanja mzima. Wameacha mlango mmoja, na una kufuli. Viazi nimepandisha juu ya paa. Kunguru wamefurahi.

Jumatatu, 19 Agosti

Mashine ya kushindilia udongo inatikisa nyumba. Kikombe cha Zuwena kimetembea chenyewe mezani. Hali chochote, anakunywa maji kwa kijiko.

Nimekwenda kugonga mabati. Nimemwambia Yona kuna mgonjwa. Amezima mashine mwenyewe, akanifuata, akavua kofia mlangoni. Zuwena akafungua jicho moja, akauliza huyu nani. Nikasema Mgogo. Akasema, "Mtani. Unanichimbia au unanizibia?" Yona alicheka, ila macho yake hayakucheka.

Nje akaniuliza turubai huwa linakaaje. Nikamwonyesha kwa mkono juu ya mabati. Nguzo pale, majiko kule nyuma upepo usipeleke moshi kwa wafiwa, wanawake upande wa nyumba, wanaume upande wa barabara, njia ya jeneza katikati. Akasema hakuna aliyemwambia. Walipopima mara ya kwanza waliona uwanja mtupu.

Nikasema, "Mlikuja siku ambayo hakuna aliyekufa."

Akasema mchoro umeshapitishwa, haumo mikononi mwake tena. Akaondoka. Nimemchukia mpaka jioni. Jioni nikagundua mashine haijawaka tena.

Ijumaa, 23 Agosti

Zuwena amefariki alfajiri. Nilikuwa nimemshika mguu. Ulipoa kutoka chini kuja juu. Sikulia. Nilienda kutafuta sufuria kubwa.

Saa mbili wanawake wamejaa barabarani na mikeka kichwani. Pikipiki zinapiga honi. Mama mmoja mzee kakalishwa kwenye ngazi ya duka la vipuri. Asha ametoka ndani, ameona mabati, ameona mama yake hana pa kuagiwa, amekaa chini kwenye vumbi. Sitasahau.

Nimekwenda mlangoni. Yona yuko ndani na mafundi wake, tofali za chini zimepangwa nusu uwanja. Sikupiga kelele. Nimesimama tu na sufuria.

Akaniangalia. Akaangalia tofali zake. Akasema zikikanyagwa kabla hazijashindiliwa itabidi zing'olewe, na yeye ndiye atakayeulizwa. Nikasema najua. Kweli nilijua. Nilimwonea huruma na sikuondoka.

Akachukua spana. Hakufungua kufuli. Alifungua mabati yenyewe, bati moja moja, upande mzima wa barabara. Mafundi wakamsaidia. Udongo umeshindiliwa ukawa kama sakafu, nguzo hazichimbiki, wakazisimamisha ndani ya mapipa ya mchanga. Turubai likasimama limepinda kama mlevi. Lilisimama.

Tumekaa na Zuwena pale. Tumemlilia vizuri.

Baada ya sala ya Ijumaa jeneza likanyanyuliwa. Lilipofika pale mlango ulipokuwa, Yona akasimama katikati ya njia, kofia yake ya njano kichwani, mikono ameitandaza.

"Hapa ni Ugogo," akasema. "Mnyamwezi hapiti bure."

Shehe akashika ndevu. Halafu mzee mmoja akakohoa kicheko, na kikaenea mpaka kwa wanawake. Watu wakaona mtani kafika kuzuia jeneza kama ilivyo desturi, msiba umekamilika. Wakamtupia sarafu, akazikataa. Akasema huyu mama alikunywa maji yao, yeye anataka kilicho bora. Ndipo nikatoka mbele, nikampa matobolwa ya paani waliyobakiza kunguru. Akatafuna moja pale pale, mdomo wazi, machozi yanamtoka. Akasema, "Pita, mtani. Umelipa na ya kurudi."

Akasogea. Wakapita.

Sisi wanawake tukabaki uwanjani. Asha alikuwa anacheka na kulia, hajui kipi ni kipi. Hapo ndipo na mimi nikalia.

Jumamosi, 24 Agosti

Tofali zimezama pale wanaume walipokaa. Wanazing'oa. Yona ameitwa ofisini. Nimekaa mlangoni tangu asubuhi. Hajarudi.

Jumanne, 27 Agosti

Amerudi. Amekaripiwa, hakufukuzwa. Tumekwenda wazee wa mtaa kumsemea, Waislamu na Wakristo, na safari hii nilimwachia shehe aongee. Mwenye duka la vipuri naye alikuja. Kumbe mama mzee wa kwenye ngazi ni mama yake, niliyemtaja mkutanoni bila kumjua.

Jumapili, 29 Septemba

Nimetoka kanisani. Magari yamejaa uwanjani, kila moja kwenye mstari wake. Njia iko wazi. Nasema kweli, inapendeza.

Ndani ya tofali kuna vifuniko vya chuma, vidogo kama sahani. Ukifunua kimoja kuna bomba limesimama ardhini, nguzo ya turubai inaingia bila kuchimba. Yona ameviweka pale pale nilipoonyesha kwa mkono. Kwenye bango la bei ameongeza mstari wa chini. Nimeusoma mwenyewe, polepole. Siku ya msiba magari hayaingii.

Jana amerudi kwao Dodoma. Nimempa mfuko wa matobolwa. Amesema ni kidogo.

Kifuniko kimoja kiko mbele ya mlango wangu. Asubuhi nimekifagia mchanga, usiingie ndani. Kisha nimeweka viazi jikoni.