Nafasi Moja Sandton

Brixton, Johannesburg
14 Desemba 2025

Kaka yangu Leodgar,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na wote hapo Kihonda. Mgongo unaendeleaje? Wifi aliniambia umeanza tena kupanda baiskeli kwenda shambani, nikafurahi, ingawa nadhani hukumwuliza daktari. Sisi huku kiafya hatujambo. Mvua inanyesha karibu kila alasiri, na radi za huku hupiga mpaka madirisha yanatetemeka. Luka yupo, shule anakofundisha wamefunga, anashinda nyumbani akirekebisha vitu ambavyo havijaharibika. Anakusalimia sana.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungeanza kuzungumza kabla sijafika mwisho, na mimi ningenyamaza, kama ninavyonyamaza siku zote ukizungumza. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nyingi. Ulisema nimefanya jambo la kimama, ukasema marehemu mama angejivunia, na kwamba umewasimulia watu wa jumuiya wakapiga makofi. Kaka, nakuomba usome karatasi hizi zote kwanza. Baada ya hapo nipigie, nami nitapokea.

Nianze mbali kidogo. Uliwahi kuniuliza mwanamke wa miaka arobaini na saba anatafuta nini tena chuoni wakati digrii anayo. Sikukujibu vizuri siku ile. Digrii yangu ya uhasibu niliipata kwa kusoma nyumbani nikiwa nafanya kazi pale kiwanda cha rangi, na kweli ilinisaidia: ilinitoa mapokezi ikaniweka kwenye meza ya hesabu. Lakini iliniweka hapo ikaniacha hapo. Huku kuna mwaka mmoja wa ziada juu ya digrii, wanauita honours. Asiye nao anaandaa hesabu ili wengine wazitie sahihi. Mwenye nao anaruhusiwa kufanya mitihani ya bodi, na kampuni za ukaguzi zinampa mkataba wa mafunzo wa miaka mitatu. Akimaliza anakuwa kama mwenye CPA huko kwetu. Anaweza kusimamia fedha za kampuni nzima, anaweza kufungua ofisi yake, na akihama nchi cheti chake kinasikilizwa. Kila nafasi ya juu ilipotangazwa kiwandani, sharti la kwanza lilikuwa mwaka huo. Nimewapokea mabosi vijana pale, nikawaonyesha choo kiko wapi, na baada ya muda wao wakapanda ghorofani, mimi nikabaki chini nikimsubiri mwingine.

Kwa hiyo mwanangu Masika alipomaliza digrii yake mwaka jana na kujiandikisha kwa mwaka huo wa ziada, niliacha kazi nikajiandikisha naye. Mwanzoni alicheka, kisha akaona mimi sicheki.

Siwezi kukueleza ugumu wa mwaka ule. Wanakumwagia hesabu za fedha, kodi, ukaguzi na usimamizi wa fedha kwa mpigo, na mwisho wa mwaka ukianguka somo moja umeanguka yote. Meza yetu ya kulia haikuliwa chakula tena, ilijaa vitabu, Luka alikuwa anakula kwenye kochi. Masika ananieleza kwa Kiingereza, mimi namjibu kwa Kiswahili, ndivyo tulivyozoea tangu akiwa mdogo. Mwezi wa sita nilianguka vibaya jaribio la kodi. Nilidhani atanionea huruma. Badala yake alichukua simu yangu akaifungia kabatini, akanirudisha kwenye maswali ya miaka iliyopita, moja moja, na nikikosea alikuwa ananitazama tu mpaka nilione kosa mwenyewe. Kaka, bila Masika nisingefaulu. Nataka ulijue hilo kabla hujaendelea kusoma.

Kwenye kutafuta nafasi za mafunzo tulikuwa tunaomba kila mtu kivyake. Masika aliitwa sehemu kadhaa. Mimi walikuwa wakiona mwaka wangu wa kuzaliwa, kimya. Mpaka kampuni moja ya ukaguzi kule Sandton ikaniita. Nilipanda treni ya kasi nikiwa na suti ya kuazima. Mzee mmoja wa jopo akaniuliza nitajisikiaje kutumwa kwenda kuhesabu mali ghalani na kijana wa miaka ishirini na sita. Nikamwambia vijana hao wamenituma miaka mingi, tofauti ni kwamba sasa nitakuwa najifunza kitu. Walicheka, na baada ya wiki mbili wakanichukua. Wiki hiyohiyo wakamchukua na Masika. Mimi natumia jina la baba yetu, yeye la Luka, kwa hiyo hakuna aliyetuunganisha. Masika alikuwa na nafasi nyingine Pretoria. Akawaandikia kwamba asante, amepata Sandton.

Matokeo yalipotoka, tumefaulu wote wawili, kampuni ikaita wafanyakazi wapya kunywa chai. Ukumbi wa vioo, vijana tu wamesimama na vikombe. Masika akaniona kola yangu imekunjika nyuma, akaja akainyoosha na kusema, "Ma, simama." Huku kila mwanamke mzima anaitwa Ma, hilo lisingemshtua mtu. Ila mama mmoja wa ofisi ya wafanyakazi, Brigitte, Mkongo wa Lubumbashi, alitutazama, akatazama nyuso zetu tena, akauliza kwa utani kama sisi ni ndugu. Ningeweza kucheka nikapita. Nikasema, "Huyu ni mwanangu."

Uso wake ulibadilika. Alituvuta pembeni, akaanza kwa Kiingereza cha ofisi, kisha akahamia Kiswahili chao, kwa sauti ya chini. "Mama, mtanisamehe. Sheria ya kazi iko vile. Watu wa damu moja hawaingii pamoja mwaka moja. Mmoja anaingia, mwingine anabakia." Akatupa mpaka Ijumaa tuchague wenyewe, la sivyo wakubwa watachagua. Ilikuwa Jumanne.

Nyumbani Luka alitusikiliza, akavua miwani, akasema tu kwamba mtoto ndiyo kwanza anaanza. Hakunitazama aliposema. Masika alikuwa anaosha kikombe kilekile bila kukiweka chini. Ile Pretoria alishaikataa, alipiga simu mchana uleule wakamwambia imejaa. Niliona mabega yake yameshuka. Nikasema kabla mtu yeyote hajaniomba, "Nitajitoa mimi." Akaja akanikumbatia na mikono yenye povu, akalia, nami nikalia. Jioni hiyo ndipo nilipokupigia, na wewe ukafurahi vile.

Siku mbili zilizofuata kila mtu alikuwa mwema kwangu mno. Luka alinipikia. Masika alianza kuongea habari za nguo za kazi. Na mimi, kaka, nilikuwa natembea humo ndani nikitafuta la kujiambia. Nilijiambia nitaomba tena mwakani. Nikijua wazi kwamba mwakani nitakuwa na miaka arobaini na minane, na kwamba katika Johannesburg yote hii ni watu wale tu walioniita. Nilijiambia nirudi kiwandani. Nikapita nje ya geti lao Alhamisi, sikuingia.

Ijumaa nilikwenda Sandton asubuhi nikiwa na maneno yangu tayari. Nakuapia kwamba nilikwenda kujitoa. Brigitte alinikalisha, akafunga mlango, akauliza tumeamua nini. Nikafungua mdomo kusema jina la Masika. Nikasema, "Ninaingia mimi."

Niliyasikia maneno yale kama yametoka kwa mtu mwingine ndani ya chumba. Brigitte akaniuliza mara mbili. Akauliza kama mwanangu anajua. Nikasema hajui, atajua leo. Alinitazama, sikuelewa kama ananihukumu au ananionea wivu, kisha akanisogezea mkataba. Mkono wangu haukutetemeka, kaka. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Niliweka sahihi kwa mwandiko mzuri.

Basi ukweli ndio huo. Sikumwachia mtoto. Nafasi nimeichukua mimi, na ahadi niliyowapa Masika, Luka na wewe nimeivunja.

Nilimwomba Masika tukutane Newtown, pale karibu na soko, kwa sababu niliogopa kumwambia nyumbani ambako angeweza kwenda chumbani na kujifungia. Alikuja akitabasamu, ametoka kununua viatu vya kazi. Nilimwambia tumesimama, kwa maneno machache, bila kujitetea. Watu wanapita, mpiga ngoma mmoja anapiga pembeni. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye ukingo wa saruji, mfuko wa viatu magotini. Kisha akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye hata akiomba chumvi huomba kwa Kiingereza, "Ungesema unaitaka. Jumanne ile ungesema, mama. Ningegombana na wewe. Labda ningeshindwa, lakini ningegombana."

Nikamwambia ni kweli.

Akauliza kama nilijua tangu Jumanne. Nikamwambia mdomo wangu haukujua, ila labda mimi nilijua. Akasema, "Eish," taratibu, kama mtu aliyechoka, akasimama akaenda. Nilimfuata mpaka kwenye robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, ikawaka nyekundu, yeye akavuka, mimi nikabaki upande huu na magari katikati.

Sasa anakaa Yeoville kwa rafiki yake Héritière. Luka hajanigombeza. Alisema tu kwamba angependa kuulizwa, kwa kuwa ameishi na mimi miaka hii yote bila kujua kama nina njaa kiasi hicho. Kisha akasema hajui ampe nani pole na nani hongera, akatoka kwenda kumpelekea Masika godoro.

Najua utakachosema. Utasema mama hafanyi hivyo. Nimejaribu kujutia kuichukua nafasi ile na sijaweza. Ninachojutia ni siku zile ambazo nilimwacha mwanangu anikumbatie kwa kitu ambacho sikuwa nimempa. Usinitetee kwake, na wala usimwombe anisamehe. Wewe ni mjomba wake, atakusikiliza kwa heshima, na heshima hiyo itamlazimisha kusamehe kabla hajamaliza kukasirika. Mwache akasirike. Na wale wa jumuiya, tafadhali waambie ilivyokuwa. Sitaki makofi yale yabaki kwangu.

Yeye hajaharibikiwa. Chuo kimemwita kufundisha mwaka wa kwanza kwa miezi kumi na miwili, na kuna utaratibu ambao muda huo unaweza kuhesabiwa sehemu ya mafunzo yake. Hakuniambia yeye, nimeambiwa na Luka. Kwa hiyo ule mwaka wa ziada umemfungulia mlango na yeye pia, ingawa si ule aliokuwa akiusubiri.

Jana alikuja kuchukua vitabu vyake. Nilikuwa jikoni, nikakaa hukohuko ili nisimzibie njia. Alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, mikono imejaa, akauliza kwa Kiingereza kama nimejiandikisha mtihani wa bodi wa Januari. Nikasema ndiyo. Akasema na yeye amejiandikisha, ukumbi uleule, siku ileile. Akasema kwamba kwenye kodi bado ninaharakisha, nisome swali hadi mwisho kabla sijashika kalamu, na kwamba siku hiyo nisikae karibu naye. Kisha akaniomba nimfungulie geti.

Nilimfungulia. Nikasimama nikamwona akipandisha vitabu kwenye teksi, nikarudi ndani kusoma, kwa sababu kaka, nataka kufaulu, na nataka yeye anishinde, na vyote viwili ninavitaka kwa nguvu sawa.

Msalimie sana wifi, mwambie vitenge alivyonitumia nimevipata na vimenipendeza. Wasalimie watoto, na mama mkubwa pale Mafiga ukipita kwake. Luka anakushika mkono. Salamu za Masika sina za kukuletea safari hii, itabidi umpigie mwenyewe umwulize hali.

Mimi mdogo wako, ninayesubiri simu yako kwa woga,

Rosalia