Rangi ya Gari Lako Imerudi

Kaka,

Sisi wazima, na bomba la uani halivuji tena. Lile gari lako la mbio, uliloliacha chini ya turubai ukisema utarudi baada ya miezi miwili, nimelisafisha. Miaka sita! Panya walikuwa wamezaa kwenye kiti cha abiria. Nilisugua ukungu kwa mswaki, nikapiga polishi siku tatu mpaka wekundu ukarudi. Usinishukuru. Nilitaka liuzwe, tupate mtu wa kumtunza Mzee, na mimi nikaanze maisha yangu.

Mlango wa dereva bado haufunguki kwa ndani. Jumanne nilikuwa nimekaa humo nafuta dashibodi, Mzee akatoka na mkongojo wake, akaliona linavyong'aa, akanishika bega dirishani.

"Mwanangu mkubwa, umerudi!"

Alikuwa hajala siku mbili, kaka. Nikampa chakula changu kupitia dirisha. Akala bakuli zima pale pale, ameegemea mlango.

Sasa kila asubuhi lazima niingie humo na koti lako mwilini, ndipo ale. Jana nilimwambia, "Mzee, ni mimi." Akakunja uso, akarudisha kijiko.

Leo aliamka mchangamfu. Akauliza, "Na mdogo wako yuko wapi?"

"Amesafiri," nikasema.

"Basi na akae huko. Maadamu wewe upo."

Gari haliuzwi tena. Njoo unifungulie mlango.

Ni mimi,
mdogo wako