Nafasi ya Uzi Mwekundu

Mwanangu Ndeshi,

Sijui niketi wapi niandike. Nimeanza mezani, nikahamia jikoni, sasa niko kwenye ngazi ya nyuma na ndizi zinaanza kunuka kuungua. Tangu jana niliporudi kutoka mjini situlii. Habari kwamba umejifungua nimeipatia dukani kwa Mangi, yule muuza vifaa vya hospitali pale Sokon I, mbele ya wateja wake. "Hongera, bibi!" akaniambia, nami nikageuka nyuma kuangalia ni bibi gani anayepongezwa. Mtu baki kajua kabla yangu! Nikaomba kiti na maji.

Basi nina mjukuu. Wa kike au wa kiume Mangi hakuuliza. Wanaume hawa.

Nani anakupikia mtori, Ndeshi? Nani anakukanda? Dar kuna ndizi, najua, lakini zinafika zimechoka kuliko abiria. Leo nimeshika panga nikate mkungu, nikakumbuka kwamba hata mtaa unaoishi siujui, nikaliweka panga chini. Baada ya muda nikalishika tena.

Ulikuwa bado mchanga, unabebwa mgongoni, nilipoanza kushona mifuko ya kliniki, ile iliyo kama kaptura yenye mikanda, mtoto anavalishwa na kuning'inizwa kwenye mizani. Vitambaa havikupatikana wakati ule. Nilishonea magunia ya unga, nikiyafua mpaka maandishi yafifie. Nilipopeleka mfuko wa kwanza zahanati, nesi aliivuta mikanda, akaniangalia, akauliza, "Huu umejaribiwa?" Nilikuwa nimeutundika darini na mahindi mazito kuliko mtoto yeyote wa kliniki, lakini niliona maneno hayatamtosha. Nikakutoa mgongoni, nikakuvalisha, nikakuning'iniza mwenyewe, mikono nimeikinga chini yako. Ukarusha miguu, ukacheka, ukakojoa. Akina mama wote kwenye foleni wakaangua kicheko. Nesi akajifuta mkono, akasema, "Haya, umepita."

Kuanzia hapo hakuna mfuko uliotoka nyumbani kwetu kabla wewe hujaning'inia. Mahindi kwanza, kisha wewe, kisha natia kishono cha uzi mwekundu kiunoni mwa mfuko. Akina mama wa Kikatiti wakauzoea uzi ule. Kuna aliyekataa katakata mwanawe apimwe mpaka auone kwa macho yake. Ulipokua mzito nikawa naazima watoto wa majirani, na wewe ulinuna wiki nzima kwamba umenyang'anywa kazi.

Halafu serikali ikasema kila biashara ruksa. Madukani pakajaa, na baada ya miaka mifuko ya nailoni ya bluu ikaja kutoka nje, laini, yenye lebo nyuma iliyojaa michoro. Mangi akaniambia, "Mama Ndeshi, siku hizi mteja anaangalia alama kwanza, mshono baadaye." Mimi nilisonya. Wewe, umeshakuwa mtu mzima, ulikwenda mjini kuulizia alama hizo, ukarudi masika yale na karatasi ya michoro ya lebo yetu, ukaikunjua mezani huku mvua inapiga bati tukawa tunaongea kwa kupiga kelele.

Ile siku tulicheka, usikatae. Ulinionyesha beseni lenye mkono ndani, nikasema hilo sawa, kila mtu ataelewa kufua kwa mkono. Ukanionyesha pembetatu iliyokatwa kwa mistari.

"Hii ni nini?"

"Usitie dawa ya madoa, mama."

"Mtu aone pembetatu akumbuke dawa ya madoa? Mbona mimi nakumbuka paa la kanisa?"

Ukaifuta. Tukachagua jiwe la mizani lililoandikwa uzito wa mwisho ambao mfuko unabeba. Kisha ukachora mwenyewe mtoto aliyevaa mfuko, miguu yote miwili nje, kwa sababu unajua wanavyowavalisha haraka mguu mmoja ukabaki umejikunja ndani. Niliutazama mchoro ule nikakuona wewe kabisa, na lile tumbo lako.

Halafu chini kabisa ukaweka zile herufi za kigeni zilizoko kwenye mifuko ya bluu.

"Na hizi zinasema nini?"

"Kwamba mfuko umekaguliwa."

"Umekaguliwa na nani?"

Ukaanza kukunja pembe ya karatasi. "Mama, kila mtu anaweka. Ni mchoro tu."

"Kama ni mchoro tu, utoe."

"Watu hawatanunua! Huo uzi wako, Dar nani anaujua?"

Neno lile liliniingia, mwanangu. Nilikujibu kwa ukali na leo ningekujibu vilevile, kwa sababu wenye herufi zile hawajawahi kuushika mfuko wetu, na mzazi akiziona anamwachia mtoto wake kwa kuamini. Sijabadilika hapo. Lakini ulipanda basi na hasira zako, nami nikabaki na zangu. Ukapata kazi kwa wachapaji wa lebo. Ukapata mume ambaye sijamwona hata sura, na hilo tutaliongea ana kwa ana, usidhani limepita.

Sasa nikuambie kilichoninyima raha tangu jana. Nilipokuwa nakunywa yale maji, Mangi alitoa pakiti chini ya meza. "Ndeshi katuma hizi na salamu. Amesema ni za mama." Nikaifungua palepale. Lebo, Ndeshi, za kitambaa, nzuri, wino hautoki hata kwa mate, nimejaribu. Beseni lipo. Jiwe lipo. Mtoto yupo, miguu yote miwili nje. Nikashuka kwa jicho kutafuta zile herufi, tayari kugombana na wewe ukiwa mbali hivyo. Hazipo. Pale chini umeacha kijisanduku kitupu, kidogo, kinachotosha kishono kimoja.

Mangi akadhani wamekosea kuchapa. Nikavuta khanga usoni.

Nimekukumbuka, mwanangu. Nilipofika nyumbani sikuvua hata viatu, nikakaa kwenye cherehani, nikashona mfuko mmoja kwa kitambaa kile kigumu nilichokuwa nakitunza. Nikaubandika lebo yako. Mahindi yamelala ndani yake usiku mzima na mkanda haukusogea. Asubuhi jirani kaja na mwanawe mgongoni, kama kawaida, nimjaribu. Nikamwambia huu hapana, achukue tu uji ninaompa mtoto kila akijaribiwa, arudi kwake. Amenuna.

Barua hii nampa Mangi, gari lake la mzigo lililoleta pakiti yako linashuka Dar. Sihitaji maelezo wala msamaha, nitajie mtaa tu, na mtu wa kunipokea stendi. Mkungu nimeshaukata wakati naandika, kwa hiyo ukichelewa utaiva hapa mlangoni na utakuwa umeniharibia mtori.

Kijisanduku bado kitupu. Uzi mwekundu uko kwenye sindano. Anayetakiwa kuning'inia unaye wewe.

Ni mimi, mama yako, bibi wa mtu ambaye sijambeba.