Habari ya Bibi Yako Kisimani

Mtani wangu, Mama Yohana,

Ungekuwa hai ungecheka mpaka ushike mbavu: mimi Zuhura, mke wa fundi cherehani wa Lisekese, hapa Masasi, naandika barua. Herufi zangu zimelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo, lakini Mwalimu Hilda wa maktaba anasema zinasomeka. Umeondoka kabla sijamaliza darasa lake la kusoma na kuandika, na hilo sijakusamehe.

Kwanza habari za mazishi, maana najua ungetaka kujua. Nilitimiza utani. Nilivaa kanga yako ya njano, nikapita mbele ya waombolezaji kwa ule mwendo wako wa kujiona, nikasema, "Mmakonde huyu alikataa maji maisha yake yote, leo ndiyo kaogeshwa!" Watu wakacheka. Hata Baba Yohana alicheka, machozi yanamtoka. Nilipofika kwangu nilifunga mlango nikalia mpaka mume wangu akaogopa.

Maktaba ipo. Unakumbuka mvua ilivyotukimbiza sokoni, tukaingia mle na vikapu vyetu vya mihogo tukidhani ni ghala? Mwalimu Hilda hakutufukuza. Alitupa kitabu cha picha za ndege, na wewe ukaanza kuwataja kwa Kimakonde, mmoja mmoja, mpaka akatafuta kalamu aandike. Tangu hapo Alhamisi zetu zikawa za mle: kusoma, kushona, na mazungumzo ya habari za zamani. Mkeka wako bado tunaukalia. Mahali pako hapakaliwi.

Kilichonifanya niandike ni lile daftari kubwa la habari za nchi yetu. Baada ya arobaini yako Mwalimu alinionyesha. Wazee wamejaza kurasa za vita na majumbe, habari ya mwanamke haimo hata moja. Akasema, "Bi Zuhura, ile habari ya bibi yake Mama Yohana unaijua wewe. Tuiandike." Nikafungua mdomo. Mtani wangu, sikuwa na neno baada ya kisima.

Maana kila ulipofika pale, "Bibi akateremka bondeni na mtungi wake, alfajiri, akamkuta Myao kisimani," mimi nilirukia, "Akakimbia, Myao asije akamwogesha!" Tunacheka, unanichapa na upindo wa kanga, habari inakufa. Miaka yote ile. Sasa nikuambie nisilokuambia: haukuwa utani mtupu. Niliogopa. Najua baadhi ya babu zetu Wayao walivyotembea na misafara na kamba, wakikamata watu na kuwauza pwani. Nilidhani huyo Myao ni mmoja wao. Nilicheka ili usimalize.

Ningeweza kumwambia Mwalimu kwamba siijui, mambo yakaishia hapo. Nilishindwa. Nilipanda lori la korosho mpaka Newala, na siku ya pili nikafika Kitangari kwa dada yako, Mama Agata. Alinipokea kwa matusi yote ya utani. "Myao kaja kwa miguu yake! Nani kamfukuza kwao?" Sikujibu hata moja, akadhani naumwa. Nikamwambia, "Dada, nimekuja kusikiliza. Leo sikatizi."

Akanihadithia uani, tunabangua korosho. Bibi yenu alikuwa msichana. Aliyemkuta kisimani ni mwanamke wa Kiyao aliyekuwa anauchotea msafara maji. Wanaume walikuwa wamelala nyuma ya matete, kamba ziko ubavuni mwao. Yule mama hakupiga kelele. Alimjazia mtungi, akamtwika, akamwonyesha njia ya kupandia iliyojificha vichakani. Wanaume walipoamka wakaona nyayo, akawaambia ni zake. Bibi yenu hakulijua jina lake mpaka anakufa.

Kisha Mama Agata akaweka chini jiwe la kubangulia. "Mdogo wangu alisema ana mtani Masasi mwenye mdomo, na kwamba siku atakapomruhusu amalize habari hii, atamnyamazisha." Umeninyamazisha, Mama Yohana. Nililia kwenye korosho za watu.

Alhamisi iliyopita nilisimama nikaisema yote. Mzee Saidi, Myao mwenzangu, akaguna. "Binti, hao wanaume wa nini? Mweke yule mama tu, inatosha." Nikamwambia, "Shikamoo, Baba. Bila hao wanaume, yule mama hakufanya kitu." Akavua kofia yake, akaivaa tena, kisha akasema marahaba. Mwalimu Hilda ameandika juu ya ukurasa: imesimuliwa na Mama Yohana wa Kitangari. Jina langu nilikataa lisiwekwe.

Sijui nikuambie kwa neno gani, nakukosa tu. Nakukosa sokoni, nakukosa njiani, na zaidi nakukosa ninapopata neno zuri la kukutukana.

Lala salama, mtani wangu. Nakuahidi jambo moja. Kila mtoto wa Kiyao atakayeingia mle maktaba nitamkalisha na kumsomea ukurasa wako, kamba zikiwemo, na akitaka kucheka katikati nitamsubiri acheke, kisha nitaendelea.

Mtani wako,
Zuhura