Jicho la Kupimia Mbao

Nyumbani, chumba cha nyuma ya karakana,
Jumapili mchana.

Mpendwa Kaka,

U hali gani huko ugenini? Kile kikohozi kimekuacha? Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, isipokuwa Baba, na ndiyo maana nimekaa na kuinuka mara chungu nzima kabla ya kuandika mstari huu.

Unakumbuka pua yake ilivyokuwa ikiziba upande wa kulia. Karakana nzima tulimcheka: seremala asiyezibwa pua hajaranda mbao! Hata damu ilipomtoka tulisema ni vumbi tu, akanawa, akaendelea na kazi. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Halafu jicho la kulia likaanza kutokeza nje, akawa anaona misumari miwili palipo na mmoja. Alipojigonga kidole ndipo akakubali kwenda hospitali. Uvimbe ulianzia ndani ya pua, ukala mfupa mwembamba, ukaingia kwenye tundu la jicho. Ni saratani, Kaka. Daktari anasema jicho halina budi kutolewa pamoja na uvimbe, la sivyo utapanda hadi kwenye ubongo. Upasuaji ni Alhamisi.

Baba amegoma. "Nitapimia mbao kwa jicho gani?" Si unajua, hufumba la kushoto na kuukagua ubao kwa la kulia kama umenyooka. Mama akamwambia, "Mzee, hilo la kushoto nalo ni jicho, si kifungo cha shati." Hakucheka. Mimi nikamfokea kwamba mbao hazitamlilia, kisha nikaenda kufagia karakana iliyokwisha kufagiwa. Naogopa, Kaka, na nikiogopa nawaka.

Nilikusudia kukuomba umpigie simu umbembeleze, maana wewe ndiye unayesikilizwa. Lakini sasa hivi nimesikia randa, nikachungulia dirishani. Yuko peke yake, ameinua ubao hadi usoni, amefumba la kulia. Anautazama, anaranda kidogo, anauinua tena. Ameniona.

"Chiriku, acha kuchungulia, njoo ushike upande huu. Mpaka Alhamisi hili la kushoto liwe limeshajua kazi."

Basi naishia hapa, naitwa. Mama anakusalimu sana, na Shangazi anaulizia picha za watoto. Mungu akutunze, na atutunzie Mzee wetu.

Mpigie hata hivyo. Ila usimwambie kwamba ubao bado umepinda.

Mdogo wako akupendaye,
Chiriku