Trekta Lililolala Mteremkoni

Subukia, 3 Machi 1954

Kaka yangu Masinde,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji Milcah. Mimi ni mzima wa mwili tu, moyo hautulii.

Ni hili trekta. Tangu Novemba nikibonyeza stata inasaga kama mtu anayetafuna mchanga, na siku nyingine inazunguka bure, injini haishtuki. Sikumwambia bwana mwenye shamba. Kila jioni naliacha juu ya mteremko wa kahawa. Asubuhi naliachilia literemke, natia gia, linawaka. Mnyapara hunisifu kwamba sichelewi.

Sasa bwana ametoa amri. Kwa sababu ya hatari za siku hizi za wapiganaji wa msituni, kuanzia tarehe mosi Aprili mashine zote zitalala ndani ya seng'enge, kando ya nyumba yake. Pale ni tambarare. Halitawaka, na ataona. Unajua habari za dereva aliyenitangulia: maji yalikutwa ndani ya tangi la dizeli, wakasema ameyatia makusudi, askari wakamchukua. Mkewe mpaka leo hajui aliko.

Nifanye nini? Barua hutufikia kila Jumamosi, katika mfuko wa posta wa bwana.

Mdogo wako,
Khaemba


Nakuru, 9 Machi 1954

Mdogo wangu,

Sisi wazima, ila Milcah ana kikohozi. Barua yako imeninyima hamu ya chakula. Krismasi ulikaa hapa ukimaliza kuku wangu, na neno hili hukulitaja, wakati unajua kazi yangu ni kufungua matrekta.

Kwanza sugua nyaya za betri zing'ae, uzikaze. Kisha itoe stata, umulike tochi kwenye tundu lake uone meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Stata hushika meno hayo ndipo injini izunguke. Injini ya silinda nne huzimika karibu sehemu mbili zilezile kila siku, kwa hiyo meno yaleyale ndiyo hupigwa. Ukikuta yamelika, zungusha injini kidogo kwa hendeli ya mbele mpaka meno mazima yafike kwenye stata. Dole gumba liweke upande mmoja na vidole vingine. Hendeli ikirudi nyuma huvunja mkono, nimeona hapa karakana.

Na umwambie bwana. Meno huisha kama soli ya kiatu, hakuna atakayekufunga kwa hilo.

Kaka yako,
Masinde


Subukia, 17 Machi 1954

Kaka,

Shemeji amepona kikohozi? Mimi nipo.

Ulisema kweli. Meno yamelika sehemu mbili zinazotazamana. Nikizungusha kwa hendeli stata hushika, lakini si kila mara.

Jana nilikwenda kumwambia bwana. Nilimkuta barazani na inspekta wa polisi, bastola iko mezani karibu na vikombe vya chai. Akaniuliza nataka nini. Nikasema nimekuja kuomba grisi. Akanipa grisi, nikashukuru, nikaondoka. Naogopa, kaka, sitaki kukuficha. Huwezi kuja na ringi mpya ya meno ya flaiwili?

Mdogo wako,
Khaemba


Nakuru, 22 Machi 1954

Mdogo wangu,

Kikohozi kimekwisha, asante.

Siwezi kuja. Mgeni asiye na ruhusa akikutwa shambani kwa mzungu siku hizi anaondoka na pingu. Tena kubadili ringi ni kulipasua trekta vipande viwili, kazi ya watu watatu na jeki, na ringi yenyewe hupashwa moto mpaka itanuke. Hiyo si kazi ya kujificha nyuma ya banda.

Basi nimefanya jambo, na najua utanikasirikia. Leo karani wetu ameniandikia barua ya Kizungu kwa bwana wako. Nimemweleza yote: meno, mteremko, miezi minne ya kuogopa, na kwamba wewe ni mtu mwaminifu. Itafika Jumamosi pamoja na hii. Afadhali asikie kwetu kuliko agundue mwenyewe.

Kaka yako,
Masinde


Subukia, 24 Machi 1954

Kaka,

Salamu za furaha. Sikungoja jibu lako. Jana nilimkuta bwana peke yake, nikamwambia stata inasaga. Akaja mwenyewe, akalala chini na nguo zake safi, akamulika.

Akauliza, "Imeanza lini?"

Nikasema, "Jana, bwana."

Neno lilitoka lenyewe. Akanitazama, akaniuliza tena, nikaapa. Ndipo akanishika bega. Alisema kila chombo huharibika, na kitu kimoja tu hasamehi, kudanganywa. Ringi ameagiza. Jioni inspekta alikuja akataka kunihoji, bwana akamwambia aniache, kwamba mimi ananiamini.

Barua hii nampa dereva wa lori la maziwa ikufikie upesi. Leo nitapata usingizi.

Mdogo wako,
Khaemba


Nakuru, 26 Machi 1954

Khaemba,

Sina nafasi ya salamu. Nimekimbia posta kuomba ile barua ya Kizungu, wamekataa kunirudishia. Lori la maziwa nimelikosa. Hii nayo itasafiri katika mfuko uleule, na mfuko anaufungua bwana wako mwenyewe.

Akikuuliza, sema mimi ndiye mwongo. Sema tuligombania shamba la baba, nataka ufukuzwe kazi. Nitaapa hivyo mbele ya mtu yeyote. Nisamehe.

Kaka yako,
Masinde


Nakuru, 21 Aprili 1954

Mdogo wangu Khaemba,

Barua yangu ya tarehe 26 imerudi leo haijafunguliwa. Juu yake mtu ameandika kwa kalamu nyekundu, "Hayupo." Hakuandika uliko. Ile ya Kizungu haikurudi.

Dereva wa lori la maziwa anasema trekta linaendeshwa na mtu mwingine, na linawaka vizuri. Nimekwenda polisi mara mbili, wamenifukuza. Naandika kwa anwani hiihii kwa sababu sina nyingine.

Mama ametuma mtu kuuliza kama umeandika. Nimejibu kwamba umeandika, na kwamba u mzima.

Kaka yako,
Masinde