Kitako Kisichopakwa Vanishi

Nyumba ya Kona,
Chumba cha nyuma.
Jumamosi asubuhi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini kile kikohozi kimekuachia, wifi hajambo, na huko kazini hawakukamui sana. Mimi ni mzima, ila usingizi umenipa kisogo. Baba ana afya kuliko nilivyomwona tangu tumzike Mama, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Mwanzoni nilicheka. Shangazi alipiga simu kumjulia hali, Baba akamjibu kwamba anahangaika na kitako. Shangazi akampa pole na kumshauri akalie maji ya uvuguvugu. Kumbe ni kitako cha bunduki, ile yake ya enzi za uaskari wa wanyamapori, iliyotundikwa sebuleni tangu tukiwa watoto.

Ameuchomoa mti wa kitako kwenye chuma na kuulaza juu ya meza ya kulia. Alianza kwa kukwangua vanishi ya zamani kwa kipande cha kioo, kisha akashika msasa mkali, kisha laini. Anaulowesha kwa kitambaa ili nyuzi zisimame, ukikauka anasugua tena. Hana haraka. Anapiga mluzi, Kaka. Tangu lini Baba akapiga mluzi? Vumbi la mbao limejaa kila mahali, hata chai tunainywa nalo.

Unamjua Baba na vanishi. Viti, milango, hata mwiko wa Mama aliupiga vanishi, wakanuniana wiki nzima. Kwa hiyo nilimnunulia kopo jipya. Akalisukuma pembeni.

"Vanishi ya nini, mama? Hii haitakiwi kung'aa."

Akamimina mafuta kiganjani akaanza kupaka. Nikalirudisha kopo kwenye mfuko, maana hata wewe unakumbuka alivyotufundisha: bunduki ya kutundika hupigwa vanishi, ya kazi hupakwa mafuta tu.

Yule dereva wa lori aliyemgonga Mama, aliyehama baada ya mahakama kusema ilikuwa ajali, anarudi. Mkewe ameshaupaka rangi mlango wao, pale mkabala na dirisha letu. Baba alizipata habari hizo kwa kinyozi, na jioni yake akaishusha bunduki. Nilipomuuliza, alisema mstaafu lazima ashike kitu mkononi. Sikuipenda sauti yake.

Namwogopa, na namhurumia. Polisi siendi, ni baba yangu. Kumnyang'anya siwezi. Lakini Mama ameshaondoka, sitaki na Baba naye akaozee gerezani.

Leo mafuta yamekauka. Amesema akitoka kuoga ataiunganisha. Skrubu mbili za kushikilia mti kwenye chuma zilikuwa mezani, ndani ya sosa. Unakumbuka ile moja ilipopotea? Baba alizunguka maduka yote ya vifaa asipate ya kulingana nayo, zilishaacha kutengenezwa. Ni Mama aliyeikuta akifagia chini ya kabati.

Nisalimie wifi na watoto. Shangazi anakusalimu, na bado anaulizia kitako. Mungu awafunike huko mliko, na sisi huku asitutupe mkono.

Skrubu zote mbili zimo humu, nimezifunga kwa pamba. Usizirudishe, Kaka, hata nikikuandikia mimi mwenyewe kukuomba. Maji ya bafuni yamenyamaza, nakimbilia posta.

Mdogo wako akupendaye,
Dada wa mwisho